Shamba la minazi lililoanza kulaza wageni: uchambuzi wa kisa kimoja cha Pangani

Shamba lenyewe ni la ekari saba, upande wa kusini wa mto Pangani, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka pwani. Juu kuna minazi mikongwe iliyopandwa na baba mkwe wa mwenye shamba. Katikati kuna mihogo iliyochanganywa na kunde. Chini linateremka polepole hadi kwenye hori la bahari lililozungukwa na mikoko. Mwenye shamba ni mama mjane, ambaye baada ya mirathi ya mumewe kugawanywa aliandikiwa hati ya haki miliki ya kimila kwa jina lake mwenyewe, na katika hati hiyo, mahali pa matumizi ya ardhi, pameandikwa neno moja tu: kilimo. Kisa chote kinachofuata kimezunguka neno hilo.

Nimekijua kisa hiki kwa kuwa niliombwa kusoma karatasi zake. Aliyeniomba ni kijana wa mdogo wake yule mama, ambaye humwita mama mkubwa na ndiye aliyeleta wazo la wageni. Kijiji sitakitaja, wala wahusika, kwa sababu wanaendelea kuishi pamoja na wamekwisha kupatana. Nitaeleza yaliyotokea, kisha nitaeleza sheria inasemaje na mimi nimeonaje.

Kijana huyo alikuwa ametembeza wageni kwa miaka kadhaa, akiwaonyesha nyumba za kale za mjini Pangani na ukingo wa mto, na kuwapeleka kisiwa cha Maziwe, ambacho ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975. Aligundua kwamba wengi wao, wakipita kijijini, walisimama kuuliza mambo ya shamba: nazi inafuliwaje, tui linatoka wapi, makuti yanasukwaje. Akaanza kuwaleta kwa mama mkubwa. Wageni walimwona mkwezi akipanda na kuangusha madafu, wakajaribu kufua nazi kwenye kifuo, wakakalia mbuzi ya nazi na kukuna, wakakamua tui kwa kifumbu, kisha wakala wali wa nazi na samaki wa kupaka chini ya mwembe na kuondoka kabla ya magharibi. Mama alipata fungu lake, mkwezi alipata lake, na wanawake wawili wa jirani waliopika walipata lao. Mwaka huo wote hakuna aliyelalamika, na sioni kwamba palikuwa na la kulalamikiwa.

Mwaka wa pili yalijengwa mabanda matatu ya makuti ya kulala wageni, jiko, na vyoo viwili vya shimo karibu na hori, huko chini ambako udongo ni laini na kuchimba si kazi. Boriti zilikuwa za mikoko. Mwaka wa tatu alikuja mbia, kampuni ndogo iliyosajiliwa nchini ambayo sehemu kubwa ya hisa zake ni za wageni kutoka nje, ikaweka mbele ya mama mkataba wa kukodi ekari mbili kwa miaka 20 ili yaongezwe mabanda manane na bwawa la kuogelea. Mkataba ulisainiwa katika ofisi ya kijiji na kupigwa muhuri. Wiki chache baadaye uzio wa seng'enge ulivutwa, mashimo ya nguzo yakachimbwa, na minazi miwili iliyosimama palipokusudiwa bwawa ikaangushwa.

Uzio ulifunga njia ya miguu ambayo wavuvi huipita alfajiri wakielekea pwani. Minazi miwili iliyoangushwa haikuwa ya mama, ilikuwa ya shemeji yake. Na wanawake wanaotanda uduvi horini walisema maji yanayoshuka kutoka kwenye mabanda yananuka. Malalamiko hayo matatu yalifika kwa mwenyekiti wa kijiji katika juma moja, na halmashauri ya kijiji ikaamuru kazi yote isimame, pamoja na ile ya kuonyesha wageni nazi, ambayo haikuwa imemkera mtu.

Neno kilimo na ramani ya ukutani

Wengi waliolizungumza jambo hili kijijini walilianza kwa swali la kama ni halali mtu kulaza wageni shambani kwake. Ukiliuliza hivyo hupati jibu la maana, kwa sababu sheria za ardhi za Tanzania hazikuandikwa kwa kufuata biashara moja moja. Zimeandikwa kwa kufuata aina ya ardhi, aina ya haki, na mamlaka inayosimamia. Ardhi yetu imegawanywa katika mafungu matatu, yaani ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji, na shamba hili ni ardhi ya kijiji. Kwa hiyo linaongozwa kwanza na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, na msimamizi wake ni halmashauri ya kijiji, ambayo inaisimamia ardhi hiyo kwa niaba ya wanakijiji na inawajibika kwa mkutano mkuu wa kijiji.

Haki ya kimila si haki ya daraja la pili. Sheria hiyo inaipa hadhi sawa na haki ya kumilikishwa inayotolewa na Serikali katika ardhi ya jumla, na hili nililisema mara nyingi kwa mama kwa sababu mbia alikuwa amemwambia kwamba hati yake ni karatasi ya kijiji tu. Lakini haki hiyo ina masharti: kuitunza ardhi, na ikiwa ni ya kulima basi kuilima kwa namna njema inayojulikana mahali pale, kupata vibali vinavyotakiwa kabla ya kujenga, kutunza mipaka, kufuata sheria ndogo za kijiji. Mwenye hati iliyoandikwa kilimo anapojenga mabanda ya kulala watu bila kurudi kijijini, anavunja sharti la hati yake, hata kama mabanda ni ya makuti na hata kama ardhi ni ya urithi.

Pamoja na hati kuna mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, namba 6 ya mwaka 2007, inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa mamlaka ya kupanga matumizi ndani ya mipaka yake, na mpango hauna nguvu mpaka upitishwe na mkutano mkuu. Kijiji hiki kilikuwa na mpango, jambo ambalo vijiji vingi havina. Ramani yake imebandikwa ukutani katika ofisi ya mtendaji wa kijiji, imepauka upande wa dirisha, na rangi zake bado zinasomeka: makazi, mashamba, malisho kidogo, msitu wa mikoko, na kando ya bahari ukanda mwembamba ulioandikwa utalii na uwekezaji. Shamba la mama limo ndani ya rangi ya mashamba, mbali na ukanda ule.

Nilisimama mbele ya ramani hiyo kwa muda mrefu. Waliochora mpango walipofikiria utalii walifikiria hoteli ya ufukweni na mtu wa kutoka mbali mwenye mtaji, wakamtengea eneo. Hawakumfikiria mkulima mwenye minazi na wageni wanne kwa juma. Kwa hiyo mwekezaji mwenye kiwanja cha pwani ana mahali pake kwenye ramani, na mwanakijiji mwenye shamba hana. Na asiye na mahali kwenye ramani hujenga kwanza na kujieleza baadaye, kwa kuwa hakuna dirisha la kuombea. Naona hapa ndipo kosa la kwanza lilipo, na ni la kijiji kizima kabla ya kuwa la mama.

Wapi shamba linakoma kuwa shamba

Kwa maoni yangu, kumwonyesha mgeni nazi inavyofuliwa, kumlisha chakula kilichotoka shambani, hata kumuuzia mafuta ya nazi na mikeka, ni kilimo kinachoendelea na kazi yake mbele ya macho ya watu. Hakibadilishi ardhi. Mkulima anayepokea wanafunzi wa kujifunza kilimo habadilishi matumizi, na sioni tofauti kwa sababu tu mwanafunzi ametoka Ujerumani na amelipa. Kitanda ndicho kinachobadilisha jambo, kwa sababu kitanda huleta choo, bafu, maji, jiko la kudumu, taka, taa za usiku na mlinzi. Hapo ndipo mwenye shamba anapopaswa kurudi kijijini kuomba.

Lakini kuomba si kukataliwa, na hapa natofautiana na wajumbe wawili wa halmashauri waliosema kwamba kilimo ni kilimo na anayetaka wageni ahamie ukandani. Kipimo nilichowapa ni hiki: wageni wasipokuja mwaka mzima, eneo hilo litabaki nini? Mabanda matatu ya mama yalikuwa yamekalia chini ya robo ekari, na nazi za minazi iliyoyazunguka ziliendelea kuangushwa kila baada ya miezi mitatu kama kawaida. Wageni wakikoma, makuti yangeoza, na shamba lingebaki shamba. Mabanda kumi na moja, bwawa na seng'enge katika ekari mbili ni jambo lingine. Ekari hizo zingekuwa zimetoka katika kilimo kwa kizazi kimoja, na chini ya mkono wa mtu ambaye si mwanakijiji.

Pangani haiwezi kulichukulia hili kwa wepesi. Mkonge wa kwanza nchini ulipandwa pwani hii mwaka 1893, na tangu hapo mashamba makubwa yamekaa kwenye ardhi nzuri na kuviacha vijiji katikati yake. Kusini kuna Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyopandishwa hadhi hiyo mwaka 2005. Viwanja vya ufukweni vimekwisha kushikwa, na barabara ya kutoka Tanga kwenda Pangani na kuendelea kuelekea Bagamoyo ilipoanza kuwekwa lami, madalali walianza kuingia hata mashamba ya ndani. Kijiji kilichobanwa namna hiyo kikipoteza ekari mbili mbili kwa mikataba ya miaka 20, kitaamka siku moja kikiwa na hati nyingi za kilimo na mahali pachache pa kulima.

Mkataba na muhuri

Mkataba wenyewe ulikuwa na kurasa nne, umeandikwa kwa Kiswahili kizuri, na kwenye ukurasa wa mwisho palikuwa na saini ya mama, saini ya mbia, na muhuri wa ofisi ya kijiji. Mama aliamini kwamba muhuri ndio idhini. Nilimwuliza mtendaji kama jambo hilo liliwahi kujadiliwa katika kikao. Akafungua kabati, akatoa daftari la mihtasari, lile kubwa lenye jalada gumu, tukaanza kurasa za nyuma kwenda mbele. Palikuwa na kikao cha madawati, kikao cha kipindupindu, kikao cha mpaka na kijiji cha pili, na katika kila kimoja majina ya waliohudhuria yakiwa yamepangwa kwa mstari, saini kwa wino wa bluu na kwa wazee wachache alama ya dole gumba. Jina la mama halikuwemo popote, wala la mbia. Muhuri ulikuwa umepigwa mezani siku mbia alipokuja.

Haki inayotokana na haki ya kimila, kama vile upangishaji, inahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, na halmashauri ni kikao cha wajumbe 15 hadi 25 walioketi, wakajadili na kuandika muhtasari. Muhuri ukiwa mkononi mwa mtu mmoja si halmashauri. Sheria inaitaka halmashauri, kabla ya kutoa idhini, iangalie mambo kama kubaki kwa ardhi ya kutosha kwa wanakijiji, faida ya kijiji, na haki za wanawake, na haya hayaangaliki kama hakuna kikao. Simlaumu mtendaji kwa nia mbaya. Alidhani anathibitisha tu kwamba anawafahamu waliosaini. Lakini vijijini muhuri husomwa kama hukumu, na anayeushika anapaswa kujua hivyo.

Zaidi ya hayo, mbia hakuweza kupata alichodhani anakipata. Haki ya kimila ni ya wanakijiji na raia, na kampuni ambayo wenye hisa wengi si raia inahesabiwa kisheria kuwa si raia, hata kama imesajiliwa Dar es Salaam. Asiye raia hupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu, kwa haki inayotokana na ile ya Serikali na kupitia mamlaka ya uwekezaji, na hiyo hufanyika katika ardhi ya jumla. Alipoelezwa hayo, mbia alipendekeza njia ya pili: ekari hizo mbili zihamishwe kutoka ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla, kisha yeye azipate kwa utaratibu wa uwekezaji.

Njia hiyo ipo. Rais ana mamlaka ya kuhamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma, na uwekezaji wenye maslahi ya taifa unahesabiwa humo. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa, na likizidi hapo uamuzi unapanda kwa Waziri. Lakini ardhi ikishahama, halmashauri ya kijiji haina tena kauli juu yake. Mama angelipwa fidia mara moja, na mradi ukifa, ekari zake zisingerudi mikononi mwake wala mikononi mwa kijiji kwa urahisi. Nilimshauri asikubali, na nilimwambia mbele ya kijana wake ili asidhani nazungumza kwa siri. Alinyamaza kidogo, akasema kwamba mumewe alimwachia shamba, hakumwachia fedha, na kwamba fedha angejua kuitafuta.

Vyoo, boriti na leseni

Upande wa mazingira haukuwa na ubishi mwingi, kwa kuwa vipimo vinajieleza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari, ziwa au ukingo wa mto. Tulipima kwa futi kamba kutoka mstari wa maji kujaa, tukapata mita 34 hadi choo cha kwanza na mita 41 hadi cha pili. Mashimo yalikuwa hayakujengewa, na katika mchanga ule maji ya bamvua, yaani bahari inapojaa sana, huingia kwa chini. Wanawake wa uduvi walisema kweli. Vyoo vikafukiwa kwa chokaa na udongo, vipya vikachimbwa juu, nyuma ya mihogo, vikajengewa kwa tofali hadi chini.

Boriti za mikoko ni jambo ambalo watu wa pwani hulichukulia kwa mazoea, kwa kuwa nyumba zetu zimejengwa nazo tangu zamani. Lakini mikoko ni msitu wa hifadhi wa Serikali, na kukata bila kibali cha wakala wa misitu ni kosa, awe anajenga nyumba au anajenga banda la mgeni. Kijana alionywa na ofisa wa misitu, na kwa mabanda mapya ikakubaliwa zitumike nguzo za miti ya kupandwa. Mgeni anapoambiwa kwamba amelala kwenye banda la asili ilhali nguzo zake zimekatwa horini usiku, anadanganywa, na hori linaibiwa.

Mradi wa mbia, wenye mabanda manane na bwawa, ungehitaji pia kupelekwa kwenye Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira kwa ajili ya tathmini ya athari kwa mazingira na cheti chake kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa. Haukupelekwa. Kuhusu leseni, Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka anayefanya biashara ya kulaza watalii au kuwaongoza awe na leseni, mbali na leseni ya biashara ya halmashauri ya wilaya. Kijana alikuwa na kitambulisho cha kuongoza wageni tu. Hilo limerekebishwa, na sitalirefusha.

Njia na minazi ya shemeji

Njia ya wavuvi haimo kwenye hati ya mama wala kwenye ramani ya ukutani. Ni upana wa mtu mmoja mwenye mshipi na kapu, imekanyagwa mpaka mizizi ya minazi imetoka juu na kung'aa kama imepakwa mafuta. Mbia alisema kwa kuwa haimo kwenye karatasi haipo. Wazee wa baraza la ardhi la kijiji, ambalo kwa sheria lina watu saba na wasiopungua watatu ni wanawake, hawakuhitaji muda mrefu: njia iliyotumika tangu kabla ya hati ni sehemu ya desturi ya ardhi ile, na hati ya kimila huja ikiwa imebeba desturi hizo. Seng'enge iling'olewa siku hiyohiyo na vijana wa mtaani bila malipo.

Minazi ilikuwa ngumu zaidi. Wasiotoka pwani huenda wasilijue jambo hili, lakini kwetu mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Baba mkwe wa mama aliwagawia wanawe ardhi kwa namna moja na minazi kwa namna nyingine, na shemeji yake mama, ambaye shamba lake liko ng'ambo ya njia, ana minazi sita ndani ya ekari hizi saba. Kila angusho la nazi yeye huja na mkwezi wake, huchukua nazi zake na kuondoka. Hati ya kimila ilipotayarishwa, wapimaji waliandika mipaka ya ardhi na hawakuandika mti wa nani ni upi. Kwa hiyo mama alipokodisha ekari mbili alikodisha, bila kujua au bila kufikiri, na mali ya shemeji yake.

Baraza lilipendekeza fidia kwa kila mnazi kwa hesabu ya nazi ambazo ungezaa, si kwa bei ya gogo. Shemeji alikubali nusu ya fedha, na nusu nyingine alisema atalipwa kwa miche miwili iliyopandwa mahali palepale, itakayobaki kuwa yake.

Mkutano mkuu

Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu, na safari hii ulijaa kwa sababu habari zilikuwa zimeenea. Ulianza baada ya sala ya adhuhuri na ukaisha karibu na magharibi. Wapo waliosema utalii shambani ufutwe kabisa. Wapo, hasa vijana na wanawake waliokuwa wakipika, waliosema kwamba fedha ya wageni wale ndiyo iliyolipia sare za shule mwaka uliopita. Mzee mmoja aliuliza kwa nini ukanda wa pwani wageni wamepewa bila maswali mengi namna hii, na mwenyekiti hakuwa na jibu lililoridhisha.

Mkataba wa mbia ulibatilishwa na mkutano ukakataa ombi la kuhamisha ardhi. Mama aliruhusiwa kubaki na mabanda matatu, yasizidi matatu, chini ya jina lake na bila kupangisha kwa mtu wa nje ya kijiji. Halmashauri ilitakiwa kurekebisha mpango wa matumizi ili mashamba yawe na fungu dogo la utalii wa shambani lenye masharti: anayetaka kulaza wageni aombe kabla ya kujenga, sehemu kubwa ya shamba ibaki inalimwa, majengo yawe ya kuondoka, vyoo viwe mbali na maji, njia za watu zisifungwe, na fungu maalumu la kila mgeni liingie katika mfuko wa kijiji. Masharti hayo yaandikwe kama sheria ndogo, ambayo itapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa kabla ya kutumika.

Nimeridhika na mengi ya hayo, lakini si yote. Sharti la majengo matatu halikutokana na kipimo chochote. Lilitokana na kwamba mama alikwisha jenga matatu, na mkulima mwenye ekari ishirini ataliona ni dogo kama mwenye ekari mbili atakavyoliona ni kubwa. Ningependelea kiwango kifuate ukubwa wa shamba. Nililisema hili mkutanoni, likaandikwa, likaachwa lizungumzwe sheria ndogo itakaporudi.

Mama alipoteza fedha aliyoahidiwa na mbia, na sitaki kulifanya hilo kuwa dogo. Kwa mjane mwenye watoto wawili sekondari, malipo ya kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo si kitu cha kubezwa na mtu wa karatasi kama mimi. Wageni wameanza kurudi, wengi wa mchana, wachache wa usiku.

Kati ya mashimo manane ya nguzo za mbia, sita yalikuwa bado wazi nilipopita mara ya mwisho. Mawili yamefukiwa na kupandwa miche ya minazi ya shemeji, ikiwa imezungushiwa matawi ya mwiba ili mbuzi wasiifikie. Kabla ya kupandwa, mama aliomba jambo moja ambalo halikuwa katika maazimio: kwamba katika daftari la mihtasari iandikwe miche hiyo ni ya nani, iko hatua ngapi kutoka kwenye mwembe, na kwamba ardhi iliyo chini ya miche hiyo ni ya mama. Mtendaji aliandika, shemeji akasaini, mama akasaini, na muhuri ukapigwa mwisho.